Mwalimu wa Watoto Wadogo na Amana Aliyoikubali

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Baada ya hayo. Usiku mmoja, darsa yetu hapa Watamu ilipokwisha na watu wakivaa viatu vyao, mzee mmoja mvuvi alibaki ameketi. Tulipomuuliza haja yake alisema: "Sheikh, nina mwanangu wa miaka mitano. Alikuwa akenda chuoni mbio, na sasa ni wiki ya pili, akiamshwa alia. Jana mamake alipomvua kanzu aliona alama mgongoni. Mwalimu wake ni mtu mwema, Qur'ani yote i kifuani mwake. Nikenda kumuuliza nitakuwa nimemvunjia heshima. Nisipokwenda, nachelea mtoto huyu ataichukia Qur'ani. Nifanye nini?"

Kabla hatujafumbua kinywa, waliokuwa mlangoni walimjibu. Mmoja alisema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Wa pili akasema: samaki mkunje angali mbichi. Wa tatu, mtu mzima, akamkumbusha neno ambalo wengi wetu tulilisikia siku tuliyopelekwa chuoni, baba akimwambia mwalimu: nyama yako, mifupa yangu. Watu wakacheka, na yule mvuvi akacheka pamoja nao, lakini hakuondoka.

Usiku ule hatukumpa jibu la kumtosha. Tumelifikiri suala lake tangu siku hiyo, na kwa kuwa twajua si yeye peke yake mwenye kuuliza, bali ni yeye aliyethubutu, twaliandika jibu hapa ili lisomwe na kila mzazi na kila mwalimu.

Na tuanze na hilo neno la nyama na mifupa. Mwenye bucha huigawa nyama na mifupa kwa kuwa ng'ombe ni wake: amemnunua kwa mali yake, na hakuna wa kumuuliza. Je, mtoto ni mali ya baba yake? Hapana Mwislamu atakayesema hivyo. Mtoto ni amana ya Mwenyezi Mungu mikononi mwa wazazi wake. Na wanazuoni wetu wa fikihi wametufunza hukumu ya amana, kwamba aliyewekewa kitu cha mtu hana ruhusa ya kukiharibu, wala ya kumruhusu mwingine akiharibu. Akifanya hivyo ni juu yake dhamana. Walii naye hana madaraka juu ya aliye chini yake ila kwa lile lenye maslaha naye. Baba, basi, aweza kumkabidhi mwalimu mtoto wake afunzwe, kwani kufunzwa ni maslaha ya mtoto. Lakini nyama ya mtoto hawezi kumpa mtu, kwa sababu si yake. Atoaye kisicho chake, utoaji wake ni batili, na apokeaye akijua, naye ameshiriki.

Kwa hivyo twasema kwamba mwalimu anapompokea mtoto wa miaka minne au mitano hapokei miliki, hupokea amana juu ya amana. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, sawa na 1111 wa Miladi, ameueleza moyo wa mtoto kuwa ni kito safi kisichochorwa kitu, chenye kukubali kila kinachochorwa juu yake. Tena imam huyo huyo ameagiza mtoto aachwe acheze mchezo mwema baada ya masomo, kwani kumzuia na mchezo na kumchosha kwa kusoma daima kwaufisha moyo wake. Tangu hapo zamani, basi, imejulikana kwamba mchezo kwa mtoto mdogo si upuuzi, bali ni katika chakula chake.

Ama zile methali mbili, sisi hatuzikatai. Twakataa matumizi yake. Samaki mkunje angali mbichi: wazee hawakusema mvunje. Wavuvi wa Watamu wajua zaidi yetu kwamba anayemkunja samaki hutumia vidole, na humwangalia asije akapasuka. Na mchelea mwana kulia hulia yeye ni kweli: mtoto atalia akinyimwa kisu anachokitaka achezee, atalia akiamshwa asubuhi, na mzazi asimwonee huruma ya kumharibu. Lakini kuna kilio cha kuzuiliwa na kuna kilio cha kuumizwa, na mwenye akili hazichanganyi sauti mbili hizo.

Wako watakaotuletea hadithi mashuhuri ya sala, kwamba watoto waamrishwe sala wakiwa na miaka saba, na wapigwe kwa kuiacha wakifika kumi. Twasema: hiyo ni hoja juu yenu, si hoja yenu. Sala ni nguzo ya dini. Ikiwa kwa nguzo ya dini mtoto amepewa miaka mitatu mizima ya kuamrishwa tu, asiguswe kabla ya kutimiza kumi, basi mtoto wa miaka mitano atapigwaje kwa kutotofautisha baina ya ha na kha? Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, mwenendo wake na watoto wajulikana. Alirefusha sijida kwa kuwa mjukuu wake amempanda mgongoni, akachukia kumharakisha. Alikuwa akisikia kilio cha mtoto naye yumo katika sala, akaifupisha kwa kumhurumia mama yake. Anas bin Malik alimtumikia miaka kumi tangu udogo wake, na akashuhudia kwamba hakumwambia hata ufu. Ni nani basi tunayemfuata, tunapoingia darasani na bakora?

Nao walimu wa zamani hawakuiacha kazi hii bila ya adabu zilizoandikwa. Muhammad bin Sahnun wa Qayrawan, aliyefariki mwaka 256 wa Hijra (870 Miladi), aliandika kitabu kizima juu ya adabu za walimu wa watoto. Humo amemtaka mwalimu afanye uadilifu baina ya mtoto wa tajiri na wa maskini, asiwatume watoto katika haja zake, asishughulike na mambo mengine akawaacha, wala asimwadhibu mtoto kwa ghadhabu ya nafsi yake. Na Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 (1406), ameeleza kwamba ukali juu ya mwanafunzi, khasa mdogo, humwondolea uchangamfu wa nafsi, ukamfunza uwongo na hila, kwa kuogopa mkono usije ukamfikia. Na mwisho uwongo huo ukawa ndiyo tabia yake.

Maneno haya ya Ibn Khaldun sisi tumeyaona kwa macho, na yatupasa kusema ukweli wetu. Tulipokuwa vijana tukifundisha, tulikuwa na mtoto mmoja mzito wa herufi. Siku moja tulimpiga, na Mwenyezi Mungu ajua hatukumpiga kwa ajili ya herufi bali kwa ajili ya hasira tuliyotoka nayo nyumbani. Tangu siku hiyo hakukosea tena. Tulifurahi, tukadhani bakora imefanya kazi. Miaka mingi baadaye alitujia, mtu mzima mwenye ndevu, amefiwa na baba yake, akatuambia kwa haya kwamba ameshindwa kumsomea mzee wake Yasini kwa kuwa hajui kusoma. Siku zote zile alikuwa akitikisa midomo na kujificha ndani ya sauti za wenzake. Bakora yetu haikumfunza kusoma, ilimfunza kujificha. Tumemwomba msamaha na ametusamehe, na tukaanza naye upya kwa alifu. Lakini wangapi hawakurudi?

Hatukatai kwamba wanazuoni waliotangulia waliruhusu adabu ndogo yenye mipaka mingi. Lakini katika misingi ya sharia yetu mna kuziba njia za ufisadi: jambo lililoruhusiwa, likiwa limegeuka mlango wa madhara, mlango hufungwa. Na serikali ya Kenya imekwisha kuufunga: mwaka 2001 iliondoa adhabu ya kiboko katika skuli, Katiba ya mwaka 2010 ikampa kila mtoto haki ya kulindwa na ukatili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza kumtia mwanafunzi adhabu ya mwili. Katiba hiyo haikumlinda mtoto wa skuli peke yake ikamwacha wa chuoni. Na amri yenye kumhifadhi mnyonge Mwislamu hustahiki kuwa wa kwanza kuitii, si wa mwisho.

Sasa twafika penye uzito zaidi. Yule mvuvi hakuogopa bakora tu; aliogopa kumvunjia mwalimu heshima. Na hofu hii ndiyo iliyofinika mambo makubwa kuliko alama za mgongoni. Mwaka 2006 serikali ya Kenya na shirika la UNICEF zilitoa ripoti juu ya watoto wanaoharibiwa kwa sababu ya utalii katika pwani yetu. Sisi watu wa miji ya pwani tukisikia habari za mgeni wa hotelini aliyemdhuru mtoto, hupaza sauti. Lakini tukisikia kwamba aliyemdhuru ni mtu wetu, mwenye kilemba na heshima, hushusha sauti, tukasema: msitiri nduguyo. Mwalimu akahamishwa mtaa wa pili kimya kimya, na huko nako wako watoto.

Ndugu zetu, hii si sitara. Sitara ni ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake, aliyeteleza akajuta. Ama anayemdhuru mwingine, kumficha ni kumsaidia. Mtume alipoagiza tumnusuru ndugu yetu akiwa dhalimu au mdhulumiwa, aliulizwa dhalimu atanusuriwaje, akabainisha kuwa ni kwa kumzuia na dhuluma yake. Na mtoto je, si ndugu yetu? Heshima ya mwalimu ni kubwa, lakini imetokana na amana. Akiivunja amana mwenyewe ameivunja heshima, si yule aliyeuliza. Tena walimu wema, nao ndio wengi, hudhulumiwa na kimya hiki, kwani mmoja aliyefichwa huwatia tuhuma wote. Kwa hivyo mzazi mwenye khofu ya jambo kama hilo asiende kwa wazee wa mtaa wakalimalize kwa kahawa. Na aende kwa afisa wa watoto au polisi, au apige namba 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto na haina malipo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 zimewekwa kwa ajili hiyo.

Kwa ufupi, adabu tunazomtaka mwalimu wa watoto wadogo azishike ni hizi. Asimpige mtoto wala asimtukane, wala asimwite jina la kumcheka, kwani jina baya hukaa mwilini kuliko alama. Asikae na mtoto faraghani mlango umefungwa. Hilo lamhifadhi mtoto, nalo lamhifadhi mwalimu na tuhuma. Asimtume mtoto kuteka maji ya nyumbani kwake wala kwenda dukani saa za masomo. Asimtaje mbele ya wenzake yule ambaye ada yake haijalipwa, kwani deni ni la baba. Siri ya nyumba ya watu aliyoambiwa na mtoto kwa utoto wake aihifadhi, ila ikiwa ni siri ya madhara kwa mtoto mwenyewe. Na asilolijua asione haya kujifunza, kwani kufundisha watoto wa miaka minne ni elimu peke yake. Mtu aweza kuhifadhi juzuu thelathini na asiijue.

Lakini tungekuwa madhalimu lau tungeyaishia hapo. Tulikwenda kwa yule mwalimu, sisi na yule mvuvi. Tulimkuta na watoto zaidi ya arubaini, chumba kimoja, yeye peke yake, jamvi limechakaa na misahafu imetoka majalada. Alipomwona mvuvi aliinama kabla hajaambiwa kitu, akasema: "Nilikosa, na nilijua nimekosa." Kisha tukajua kwamba zaidi ya nusu ya wazazi hawajampa ada yake miezi mitatu, na kwamba alfajiri hubeba samaki ufuoni kabla ya kuja kufundisha. Umasikini hauhalalishi alama mgongoni mwa mtoto, na mwenyewe hakuutoa kuwa udhuru. Lakini ni nani aliyemwacha mtu mmoja mwenye njaa na watoto arubaini? Mtume ameagiza mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho halijamkauka. Sisi twataka mwalimu atimize amana yetu, na amana yake twaila.

Twajisifu kwa magofu ya Gedi, jirani zetu, yaliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, na msikiti wake mkubwa wa mawe. Ni haki kujisifu. Lakini mji ule uliachwa ukahamwa, na mawe hayajui kusoma. Leo twachanga fedha za marumaru na za vipaza sauti vya misikiti, na hapana ubaya. Ila twaomba mwenye kuchanga ajiulize kama yule anayewafunza watoto ndani ya msikiti huo amekula.

Wala vitu vya kufundishia watoto wadogo si lazima viwe vya ghali. Mwaka 1982 wazee wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walimweleza Aga Khan hali ya watoto wao kubaki nyuma katika elimu, na hapo pakaanza mpango wa madrasa za watoto wadogo, uliosimamishwa mjini Mombasa na mwalimu wetu Bi Swafiya Said. Madrasa ya kwanza ya mpango huo ilifunguliwa mwaka 1986, kisha ukaenea Unguja mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Tofauti ya madhehebu isituzuie kutaja jema. Mpango huo uliwafundisha wanawake wa mitaa yenyewe kazi ya ualimu, ukaunganisha Qur'ani na dini na hesabu na lugha, na ukawaonyesha kufundishia vitu vilivyopo. Sisi hapa tuna vifuu vya nazi, kokwa za embe, ukindu, mbegu za mbuyu na mchanga mweupe ambao kidole cha mtoto huandika alifu juu yake na kuifuta bila ya gharama. Makombe ya ndani ya hifadhi yetu ya bahari, iliyotengwa tangu mwaka 1968, tuyaache, kwani kuyachukua kumekatazwa. Na kabla ya hao, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, aliwaandikia wanafunzi vitabu vidogo vya dini kwa Kiswahili, ili mtoto afahamu anachokisoma. Maadamu waliotutangulia wamefanya, hatuna udhuru.

Tena tujue haki yetu. Kwa Katiba ya mwaka 2010, elimu ya watoto kabla ya skuli ya msingi imewekwa chini ya serikali za kaunti. Wazazi wa Watamu wana haki ya kuiuliza Kaunti ya Kilifi juu ya skuli za chekechea, walimu wake na vifaa vyake. Ama vyuo vyetu vya Qur'ani, hivyo ni juu yetu sisi. Twapendekeza kila chuo kiwe na kamati ya wazazi, wanawake wakiwemo; wakusanye ada wao wenyewe ili mwalimu asimdai mtoto; wamtafutie msaidizi watoto wakizidi; na waingie chuoni siku yoyote wapendayo bila ya kubisha hodi mara mbili. Mwalimu mwema hatachukia kutembelewa.

Na wewe mzee wetu mvuvi, jibu lako ni hili: ulifanya vyema kuuliza, na ungelifanya vyema zaidi kuuliza siku ya kwanza. Kumuuliza mwalimu habari za mtoto si kumvunjia heshima, ni kuishika amana yako kwa mkono mmoja na kumsaidia kuishika yake kwa mkono wa pili. Mwanao amerudi chuoni, nasi twamshukuru Mwenyezi Mungu. Bado asubuhi husita mlangoni, akamtazama mwalimu mikono kwanza, kisha uso. Atakapoacha kutazama mikono, hapo ndipo tutakapojua kwamba tumetengeneza.

Ewe Mola wetu, watengeneze walimu wetu na uwape riziki ya halali, uwahifadhi watoto wetu na kila shari, na usitujaalie katika wenye kukhini amana zao. Wabillahi tawfiq.